Kokwa Nyuma ya Goti

Toka Magara mpaka Nyanza-Lac, mwambao wote wa ziwa, hakukuwa na mikono ya kukanda kama ya Bibi Cibalonza. Hayo aliyasema mwenyewe kila alipopata wa kumsikiliza, na hakuyasema kwa sauti ndogo. "Miye muguu ukiingia kwenye mikono yangu, hautoki unachechemea," alijigamba, kisha akakohoa kidogo. "Isipokuwa ule wa mume wangu. Na ule nao haukutoka unachechemea, ulitoka unakimbia. Ulikwenda kuoa Uvira."

Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa amefunga mlango wa chumba kwa komeo na kuketi mkekani, na mguu alioupakata ulikuwa ule wa kulia wa mjukuu wake, Kaoutar. Kando yake palikuwa na kisufuria cha mise, yale mafuta meusi yanayotoka ndani ya kokwa ya chikichi. Aliyapasha kwenye makaa mpaka yakawa yanachoma kidogo, na harufu yake ilikwisha kushika mapazia. Mlango ulifungwa kwa sababu mguu huo alikuwa amekatazwa kuugusa.

Ulizaliwa hivyo. Toka nyonga mpaka kifundo ulikuwa na baka la zambarau iliyoiva, kana kwamba mtu alimmwagia mtoto mawese na hakuna aliyefuta. Mishipa ilijichora juu yake minene, imepindapinda, na mguu wenyewe ulikuwa mnene kuliko mwenzake na mrefu kwa upana wa vidole viwili. Kaoutar akienda kununua viatu vya mitumba alinunua jozi mbili, namba thelathini na nane na namba arobaini, akavaa kimoja kimoja. Vilivyobaki Bibi Cibalonza alivitundika ukutani. "Siku akipatikana musichana mwenye muguu mukubwa wa kushoto," alisema, "tutamuuzia vyote, tununue ng'ombe."

Jumatatu goti lilimuuma Kaoutar mpaka akashindwa kulikunja, na mama yake, Zainabu, akampeleka kwenye kituo cha afya. Daktari kijana, Élysée, alipitisha mashine yake nyuma ya goti, akatazama kioo kwa muda mrefu, akasema kwamba msichana huyu alizaliwa na mishipa ya kurudisha damu isiyo sawa. Hapo nyuma ya goti mmoja umetanuka ukawa kama mfuko. Ni jambo la nadra, alisema, yeye mwenyewe alilisoma tu shuleni. Alitoa soksi ndefu ya kubana. Akaagiza Kaoutar asikae kutwa mguu ukining'inia, na mguu usikandwe. Hata kidogo. Hata na mama mzazi.

"Na bibi mzazi je?" Bibi Cibalonza aliuliza, Zainabu alipoleta habari hizo nyumbani.

"Mama, sitanii."

"Na miye sitanii. Miaka kumi na tisa naukanda muguu huu, toka siku ya saba. Huyo dogiteri wako alikuwa bado anakojoa kitandani."

"Mama, apa."

Bibi Cibalonza alimtazama binti yake, akaona uso haukuwa wa kuchezewa. "Walahi sigusi," akasema.

Kiapo kilidumu mpaka Jumanne jioni.

Jioni hiyo mguu ulivimba ukang'aa kama ngozi ya ngoma. Kaoutar aliuma ncha ya kanga ili mama yake asisikie, maana Zainabu angesikia angeifungia cherehani stoo, na cherehani ile ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na juu ya meza kulikuwa na unifomu arobaini za kaki zinazongoja vifungo na kola. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mwenye shule alikwisha kusema kwamba zikichelewa hata kwa siku moja, mwaka ujao kazi itakwenda kwa fundi mwingine.

"Bibi," Kaoutar alinong'ona, "nikande."

"Nimeapa."

"Uliapa kwa Mama. Mguu ni wangu."

Bibi Cibalonza akakubali, na ukweli ni kwamba hakubembelezwa sana.

Basi uongo ulihitaji miguu, naye akaupatia baiskeli. Zainabu aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwaloni wanakoshushia wavuvi, akitoka kila siku kabla ya jua. Bibi Cibalonza akamwambia kwamba kuna mama amejifungua Gatete, atakuwa anakwenda kumkanda kila asubuhi wiki nzima, na kwa kuwa esansi, yaani petroli, imeadimika na pikipiki zote zimelala, atabebwa na Maneno, yule mwenye baiskeli. Asubuhi akajifunga kanga, akashika chupa yake ya mafuta, akaagana na Zainabu barazani vizuri kabisa. Akazunguka nyuma ya msikiti. Akarudi kwa mlango wa jikoni.

"Pole pole hapo, Bibi."

"Wapi? Hapa?"

"Uuuh! Hapo hapo."

Vidole vya Bibi Cibalonza vilisimama. Mfuko aliousema daktari alikuwa anaujua siku nyingi bila kuambiwa na mtu. Ulikuwa uvimbe mwororo, unabonyea na kurudi kama embe lililoiva sana. Lakini leo ndani ya ule wororo kulikuwa na kitu kingine.

"Iko kitu hapa, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu akiwa mchanga. "Kigumu. Kama kokwa ya chikichi."

Kaoutar aligeuza shingo. "Kibaya?"

"Kibaya ni kile ambacho hakijakutana na miye."

"Tumwambie Mama?"

"Tumwambie nini? Kwamba bibi yako yuko Gatete lakini vidole vyake vimebaki hapa Rumonge?" Kaoutar akacheka, na bibi yake akacheka, na kidole gumba kikaanza kuizunguka ile kokwa, taratibu, kama mtu anayelainisha unga wenye mabonge.

Alikanda Jumatano. Alikanda Alhamisi, asubuhi na tena mchana. Ijumaa, redio ya jirani ikiwa bado inapiga nyimbo kabla ya habari za saa tatu, alibonyeza kwa vidole gumba viwili kutoka chini kwenda juu, kama alivyofundishwa na mama yake, na kokwa ikateleza. Aliihisi ikitoka chini ya ngozi kama samaki anayeponyoka mkononi. Akabonyeza tena. Ulikuwa wororo mtupu.

"Imekwenda!" akasema. "Kokwa imekwenda, mke mwenzangu! Nimeisaga!" Akapiga kigelegele kidogo, cha kumezea, majirani wasisikie.

Kaoutar alikunja goti na kulikunjua. Lilikuwa jepesi. Alimbusu bibi yake kwenye mkono uliojaa mafuta, wakavuta soksi ya daktari mpaka juu ya paja kana kwamba haikuwahi kuvuliwa, akaketi kwenye cherehani. Alishona kola mbili. Katikati ya ile ya tatu akakohoa.

Bibi Cibalonza alikuwa anaosha kisufuria. "Moshi wa mise," akasema, akafungua dirisha.

Kaoutar akakohoa tena. Cherehani ikanyamaza.

"Bibi. Hapa ubavuni iko kitu kinanichoma nikivuta pumzi."

"Basi vuta kidogo."

Alikuwa anatania. Mdomo ulikuwa unatania kwa mazoea, lakini alipogeuka akamwona msichana ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kupanda kilima na debe la maji kichwani. Hakuwa amepanda popote. Alikuwa amekaa. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya majivu.

Hofu haikumwingia Bibi Cibalonza moyoni kwanza. Ilimwingia mikononi. Ilianzia kwenye vile vidole gumba viwili, baridi, ikapanda viwikoni, na kisufuria kikamponyoka kikaviringika mpaka mlangoni.

*

Jirani alimpigia Zainabu simu, naye Zainabu akaja mbio kutoka mwaloni na magamba ya samaki bado yamemganda kwenye mikono. Hakuuliza sana. Alimtazama Kaoutar mara moja akasema, "Kituoni." Baba yake Kaoutar alikuwa ng'ambo, Kigoma, na mzigo wa mawese. Pikipiki haikupatikana, waliokuwa na pikipiki walikuwa wamezipanga kwenye foleni ya esansi tangu juzi, wao wenyewe wamelala chini yake. Aliyepatikana ni Maneno na baiskeli yake.

Walimkalisha Kaoutar nyuma, Maneno akasukuma, Zainabu upande huu, bibi upande ule. Upepo wa ziwani uliinua gauni. Soksi ya rangi ya ngozi haikuficha unene wa mguu, na pale ilipoishia baka lilionekana wazi. Wanawake waliokuwa wanauza mihogo kando ya barabara waliacha kuuza.

"Mama weee, muguu ule!"

"Wamemuroga."

"Funika mutoto wako, dada!" mmoja akapiga kelele, kana kwamba Zainabu alikuwa anamtembeza kwa maonyesho. Zainabu alivua kanga yake ya kichwani akaufunga ule mguu, akatembea kichwa wazi katikati ya barabara ya Rumonge, yeye ambaye hata kuchota maji hatoki bila kujitanda. Kaoutar alikuwa anahesabu pumzi zake. Bibi Cibalonza alizihesabu naye kimoyomoyo, na kila mara Kaoutar alikuwa amefika mbele.

"Aksanti, Maneno," Zainabu akasema, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu hata anapoogopa. "Wiki nzima unambeba Mama mpaka Gatete, na leo tena unatubeba sisi."

"Gatete?" Maneno akasema. "Miye? Gatete sijafika tangu—"

"Shimo!" Bibi Cibalonza akapiga ukelele. "Maneno, tazama shimo! Utamwangusha mutoto!"

Hapakuwa na shimo. Maneno aliitazama barabara, akamtazama yule mama mzee, akaona kitu usoni mwake ambacho hakuwahi kukiona, akaendelea kusukuma. Hatua za Zainabu zilipungua kidogo, kisha zikaendelea.

*

Kituoni watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mwenye kugawa namba aliwapa ya sitini na moja, nao walikuwa wanaita ya kumi na nane. Aliyewaokoa ni Joanita, muuguzi, ambaye Bibi Cibalonza alimkanda uzazi wote wawili. Alimwona Kaoutar anavyopumua, akamshika mkono moja kwa moja mpaka ndani.

"Amahoro, Bibi," alisema huku akitembea. "Imeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," Bibi Cibalonza akasema.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na benchi la wanaosubiri, na pazia lililokatika ndoano tatu. Wanaume wawili wa benchini waliona kila kitu walichotaka kuona wakati Joanita anaivua soksi. Mmoja akageuza uso. Mwingine hakugeuza.

Dogiteri Élysée aliingia akiwa na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Alimsikiliza Kaoutar kifuani, mbele na nyuma. Akapima joto. Akamtoboa kidole, malaria haikuonekana. Kisha akavuta mashine yake, akapaka ute nyuma ya goti, na wote wakatazama kile kioo ambacho hakuna kati yao aliyejua kukisoma.

"Mfuko upo," akasema hatimaye. "Jumatatu ulikuwa mtupu. Leo pia ni mtupu."

"Mutupu ni vizuri?" Zainabu akauliza.

"Ni vizuri kama ulikuwa mtupu siku zote." Alifuta mikono. Alikuwa kijana, lakini alikuwa na subira ya kueleza, na hapo ndipo Bibi Cibalonza alipotamani angekuwa na haraka kama madaktari wengine. "Mama, nyumbani mnapika kwa mawese? Asubuhi za baridi, mwezi wa saba, chupa huwaje?"

"Inaganda shingoni."

"Ndiyo. Damu nayo ikikaa mahali bila kukimbia, kwenye mfuko kama huu, inaweza kuganda hivyo. Ikaweka kizibo. Kizibo kikitulia pale pale, tunakipa dawa, kinayeyuka pole pole. Lakini kikichomoka kizima kinapanda na damu mpaka kwenye moyo, kinapita, kinakwenda kuziba mapafu. Mtu anaanza kukohoa, kifua kinamchoma, pumzi inakuwa fupi. Anaweza kufa saa hiyo hiyo. Anaweza kufa kesho yake. Ndiyo maana nilikataza kukanda."

Bibi Cibalonza alikuwa ameketi pembeni ya benchi, mikono chini ya kanga. Mambo ya moyo na mapafu hakuyajua, alisoma mpaka darasa la nne tu. Lakini chupa ya mawese aliijua. Kila mwezi wa saba ni yeye aliyekuwa anazizibua. Unaipasha chupa kidogo. Unaisugua kwa viganja, toka chini kwenda juu. Kizibo hakiyeyuki, hapana. Kinaachia kioo tu, kinateleza, na ukiinamisha chupa kinaanguka kizima ndani ya sufuria, *pwa!*

Aliisikia ile *pwa* ndani ya kichwa chake.

"Kwa hiyo nauliza," daktari alisema. "Toka Jumatatu, kuna mtu ameukanda mguu huu?"

"Apana," Kaoutar alisema upesi, kwa ile pumzi ndogo aliyokuwa nayo. Alikuwa anatazama dari.

Zainabu akageuka. "Mama?"

"Nani angeukanda?" Bibi Cibalonza akasema. "Miye wiki nzima niko Gatete."

Daktari aliandika. "Bon. Basi siyo hilo. Kama kungekuwa na donge jana na leo halipo, ningejua limekwenda wapi. Ningemchoma sindano sasa hivi na kumpeleka Bujumbura. Ambulansi ina esansi ya safari moja tu, ninaiweka kwa ajili ya mama atakayeshindwa kujifungua, siwezi kuitoa kwa kikohozi. Homa iko kidogo. Nafikiri ni nimonia. Atakunywa dawa, apumzike, Jumatatu nimwone tena. Akizidiwa, mumrudishe."

Jumatatu. Bibi Cibalonza alihesabu: leo Ijumaa, kesho, kesho kutwa. Zainabu alikuwa anashukuru, anasema murakoze, murakoze cane, machozi ya nafuu yanamtoka, kwa sababu nimonia ni ugonjwa wenye jina, watoto wa jirani wameuugua wakapona. Kaoutar alikuwa ameegemea ukuta. Kucha zake za mikono zilikuwa zimeiva rangi ile ile ya mguu wake.

Sema, Bibi Cibalonza alijiambia. Neno moja tu. Fungua mdomo huo ambao haujawahi kushindwa kufunguka.

Mdomo haukufunguka. Hakuogopa watu peke yao, ingawa aliwaogopa. Aliogopa wanawake wa Rumonge wakisikia kwamba mikono ya Cibalonza imeua, kwani hakuna atakayempelekea tena mtoto wa siku saba. Aliogopa jicho la Zainabu na kile kiapo. Lakini kilichomkaba zaidi kilikuwa kidogo na cha kijinga. Aliona kwamba asiposema, huenda kweli ikawa ni nimonia. Akisema, litakuwa donge, na aliyelisukuma atakuwa yeye.

"Dogiteri," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Si mungempeleka tu huko Bujumbura?"

"Kwa sababu gani, Bibi?"

"Kwa sababu..." Alitafuta. "Ni mutoto muzuri."

Daktari alitabasamu kwa uchovu, kama watu wanavyowatabasamia wazee, akamgusa bega, akaelekea mlangoni kumwita mgonjwa anayefuata. Mwanaume wa benchini, yule ambaye hakugeuza uso, alikwisha kusimama kuchukua nafasi yao.

*

Joanita alikuwa anamvalisha Kaoutar soksi. Alifanya taratibu, kwa heshima, akiwa amepiga magoti sakafuni, na mkono wake mmoja ukapita nyuma ya goti.

"Si mbaya sana huku, mbona," alisema, kwa nia ya kumfariji yule mama mzee aliyekaa kama sanamu. "Laini tu. Kumbe uvimbe wenyewe ndivyo ulivyo, Bibi? Mwororo hivi?"

Baadaye, watu walipomuuliza kama ulimi uliteleza au aliusukuma mwenyewe, Bibi Cibalonza alitoa jibu tofauti kwa kila aliyeuliza. Huenda ilikuwa kazi tu. Miaka hamsini mtu akimgusa mgonjwa wake na kusema jambo lisilo sahihi juu ya mwili ule, alimsahihisha, na hakuwahi kujizuia.

"Mwororo ni leo," akasema. "Juzi ulikuwa na kokwa ndani. Ngumu, kama ya chikichi."

Mikono ya Joanita ikasimama kwenye soksi.

Mlangoni daktari, ambaye alikwisha kuita jina la mwingine, aligeuka. Pumzi ya Kaoutar ilisikika mpaka benchini, inakwenda, inakwenda, haifiki.

"Bibi," daktari akasema. "Umejuaje kwamba kulikuwa na kokwa?"

Bibi Cibalonza alimtazama daktari. Akamtazama Joanita. Zainabu hakumtazama, lakini alilihisi jicho lake kwenye shavu kama joto la mkaa. Uongo mwingi ulimpita kichwani, mmoja baada ya mwingine, wote ukiwa umechakaa, akashika ule uliokuwa karibu.

"Niliota," akasema.

Hakuna aliyecheka. Daktari alirudi ndani hatua mbili. Aliinama akaitazama soksi, akaona pale juu, kwenye ukingo wake, alama nne nyeusi za mafuta, zimepangana kama vidole vinavyopangana. Akazitazama kucha za Kaoutar. Kisha akaitazama ile kanga ambayo mikono ya mama mzee ilikuwa imejificha chini yake. Aliposema tena, hakupandisha sauti. Aliishusha, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyepanda mahali pa juu na hataki ashtuke.

"Na katika ndoto yako, Bibi, hiyo kokwa ilipotea saa ngapi?"

"Leo," Bibi Cibalonza akasema. "Leo, saa tatu kasoro. Redio ilikuwa bado haijaanza habari."

"Ilipotea yote mara moja?"

"Yote. Iliteleza. Kwenda juu."

Joanita alikuwa amekwisha toka. Walimsikia ukumbini anaita dereva wa ambulansi, anamwambia aache chai, aache hiyo chai! Daktari alivunja shingo ya kichupa kidogo cha dawa, akavuta sindano, akamwambia Kaoutar alale, asisimame tena, asikae, asiguse ardhi. Yule wa benchini aliketi mwenyewe bila kuambiwa. Sindano ikaingia tumboni mwa Kaoutar.

Zainabu alimwendea mama yake. Hakumpigia kelele. Alifunua kanga, akautoa mkono wa kulia wa Bibi Cibalonza kama mtu anayetoa kitu kilichoibwa, akaufungua, akauinua mpaka puani. Sabuni zote za Rumonge haziwezi kuitoa harufu ya mise kwa siku moja.

"Saa tatu kasoro, Mama," alisema, "ulikuwa Gatete."

"Nilikuwa Gatete," Bibi Cibalonza akasema, kwa mazoea tu, na machozi yakaanza kumtoka juu ya uongo wenyewe, kabla hajaumaliza.

Machela iliingia. Walipomwinua, Kaoutar alinyoosha mkono akashika ncha ya kanga ya mama yake, akaivuta mpaka Zainabu akainama. Alikuwa na pumzi ya maneno machache, akayachagua.

"Mama, usimukaripie," akasema. "Tuliota wote wawili."